Habari za Fundi na Sindano ya Bobini

Sogeeni, enyi mliokwisha kuosha vyombo, nanyi mlioviloweka mkijidai mtaviosha kesho. Zimeni redio, pakateni watoto, kwa maana nakusudia kuwasimulia jambo ambalo wafalme hawakulithubutu na majemedari wangelikimbia wakiacha viatu: namna mume wangu, Fundi, bwana wa mikasi na mtawala wa cherehani, alivyomchoma paka sindano.

Mnacheka? Chekeni. Lakini mjueni kwanza huyo paka. Ndiye Bobini, mweupe wa manyoya, mweusi wa moyo, Mrithi wa Chui, aliyeliteka kochi letu bila kumwaga damu akatutawala miaka saba. Tulimwita hivyo kwa kuwa alikuwa mviringo kama bobini ya cherehani iliyojaa uzi. Kisha ukaja msimu akawa anakunywa maji hata akamaliza bakuli na kuhamia ndoo, naye akakonda, uzi ukaisha, tukabaki na kigurudumu kitupu. Daktari wa wanyama akampima, akatamka neno moja: kisukari.

"Kisukari?" alishangaa mama mkwe wangu, malkia mzazi wa nyumba hii. "Paka huyu hata chai hanywi! Nani anamtilia sukari?"

Daktari akatoa sheria, nami nikazinakili katika daftari langu la darasa la jioni, nyuma ya hesabu za sehemu: sindano ya insulini saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ale kwanza, na akisusa chakula asichomwe, kichupa kisitikiswe, bali kiviringishwe viganjani polepole, na mkikosea, hata dawa ikimwagika yote, msirudie mpaka zamu ijayo, maana sukari ikishuka mno itamwua upesi kuliko ikipanda. "Na hali yake si ya kuchezea," akaongeza. "Jioni mbili mfululizo zikipita bure, mleteni tumlaze."

Kwa wiki tatu mkono wa kuchoma ulikuwa wangu peke yangu. Na saa kumi na mbili jioni ndiyo saa darasa langu linapoanza. Nilifika nimechelewa, nikafika nina manyoya mpaka kwenye nyusi, na mara mbili sikufika kabisa. Mwalimu akaniambia, "Mama, mtihani wa Alhamisi mlango unafungwa saa kumi na mbili kamili. Ukiukosa, tuonane mwakani."

Mwakani! Mimi niliyeiacha shule ili nilee, ningoje tena mwaka mzima kwa ajili ya mkia wa mtu mwingine?

Nikamgeukia Fundi. "Mume wangu, sindano ni kazi yako. Shika."

Akasimama, akakohoa, akahutubu: "Mke wangu, mikono hii imevisha maharusi arobaini na shule nzima sare! Mimi na sindano tumenyonya ziwa moja. Paka ni nini? Ni kitambaa chenye miguu!"

"Kitambaa hakina kucha," alisema mama yake, akipandisha miguu juu ya kochi.

Basi jioni ya Jumatano akajaribu mbele yangu. Akaiinua ngozi ya shingo kama ainuavyo pindo la suruali, akachoma kwa ustadi wa kutisha. Lakini mkono, ole wetu, ukafuata mazoea ya miaka kumi na mitano: sindano ikaingia upande huu, ikatokea upande ule. Fundi akasukuma, na insulini yote ikamwagika juu ya manyoya. Bobini alikuwa ameshonwa, hakutibiwa.

"Umempiga bandi kama pindo la suruali!" nikalia.

"Si arudie tu?" akauliza mama mkwe.

"Hairudiwi, mama. Ni sheria."

Binti yetu wa miaka minne akamzunguka yule paka, akampima kwa macho. "Baba, umemfupisha?"

Fundi akachukua kitambaa, akawa anamfuta paka manyoya mpaka wakati wa chakula. Jioni moja ilikuwa imepotea, na ya pili ndiyo ya mtihani. Nikamwambia, "Basi, nitabaki." Ndipo akanena, safari hii bila hotuba: "Hubaki. Nikishindwa, nitambeba mwenyewe hadi kwa daktari, na aibu yangu begani. Wewe nenda."

Alhamisi asubuhi nilichoma mimi. Jioni nikaenda.

Yaliyofuata sikuyaona, nimeyapokea kwa mashahidi wawili waaminifu, bibi na mjukuu, ingawa bibi asema vita vilidumu nusu saa, na mjukuu asema siku tatu. Wanapatana kwamba Bobini alijichimbia chini ya kabati kama mfalme aliyezingirwa. Fundi akambembeleza, akamsifu, akamwita mwanangu. Ukatokeza mkia tu.

"Mwite kiume!" mama yake akamchagiza. "Au nikuitie mkeo?"

"Mama, usilitaje jina la mke wangu. Leo ana mtihani."

Ndipo akakumbuka udhaifu wa adui: hajapata kuona nguo inashonwa asiilalie. Akaketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali, nayo ikanguruma kama ngoma ya vita. Naam, Mrithi wa Chui akatoka, akapanda mezani, akajilaza juu ya gauni la mteja. Hapo hapo lilikuwa limetegwa bakuli la chakula. Akala. Fundi akaviringisha kichupa, akavuta dawa mpaka alama ya pili, kisha akavaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidole.

"Sasa hicho cha nini?"

"Mkono wangu haujui kusimama, mama. Hiki kitausimamisha."

Akaiinua ngozi, na kidole chenye chuma akakiweka nyuma ya mkunjo, mlinzi langoni. Sindano ikaingia. Mkono ukataka kupitiliza kama ulivyozoea, ukamwona yule mlinzi, ukakoma katikati. Akasukuma. Akapapasa manyoya: makavu. Bibi akapapasa: makavu. Mjukuu akapapasa mpaka akafukuzwa. Na Bobini? Alikuwa bado anakula.

Saa mbili nikatoka chumba cha mtihani, vidole vimejaa wino, nikawasha simu. Kulikuwa na ujumbe wa saa kumi na mbili na dakika tatu: "Imeingia. Haikutokea upande wa pili. Mama ni shahidi. Wewe jibu maswali."

Basi na iandikwe, na wajukuu wafundishwe, kwamba katika mwaka ambao Bobini alikonda, alisimama fundi mmoja akaushinda mkono wake mwenyewe. Kwenye kalenda ya jikoni, ambapo mimi huweka alama ndogo ya kalamu kila achomwapo, nilikuta alama ya chaki ya kukatia nguo, kubwa, imeanzia Alhamisi ikaimeza Ijumaa na kugusa Jumamosi.

Matokeo yangu hayajatoka. Ya Fundi ndiyo hayo.