Maji ya Mfereji wa Chini

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeficha jambo. Tangi la kuzimia moto hapa kwetu Utange ni tupu, na niliyelikausha ni mimi. Naandika kwa sababu daktari amesema moyo wangu umechoka, na mtu mzima haendi kaburini na uongo wa lita elfu tano. Daftari hili lisomwe nikishazikwa. Si kabla!

Atakayesoma na ajue. Tuko nyumba nane, nyingi za makuti. Barabarani hakuna bomba la zimamoto, na gari lao hufika majivu yamepoa. Basi tukachanga, tukaleta tangi la lita elfu kumi, likawekwa kwangu kwa kuwa paa langu la mabati huvuna mvua vizuri. Lina mifereji miwili. Wa juu uko katikati ya tangi, kila mtu anachota mpaka ukome. Wa chini una kufuli. Maji yake ni ya kuzimia moto tu. Ufunguo ninauvaa shingoni. Angeuvaa nani mwingine? Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne.

Maji yamenywewa na nyasi. Nimejichagulia pa kuzikwa, karibu na mkorosho, na sitaki waombolezaji wangu wakanyage vumbi. Nimepanda nyasi na asumini. Pamependeza, pamenyamaza, mpaka mtu anatamani kuwahi.

Jumanne, 4 Februari

Kimani analichunguza tangi. Huyu ni jirani yangu, mtu wa bara, mstaafu wa bandarini. Kukagua kumemkaa kwenye damu. Anasema tangi lenye maji hutoa jasho asubuhi, na jasho huishia pale maji yalipofika. Letu, asema, ni kavu kama kisigino chake.

Ni kweli. Sikuwa nimelifikiria. Lakini nimekwisha pata dawa.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamka kwa adhana ya kwanza. Nimelowesha kitambaa, nikalipangusa tangi hadi usawa wa mfereji wa juu. Nimepumzika mara sita. Kimani akapita, akatazama, akainamisha kichwa, akaenda zake. Elimu!

Alhamisi, 6 Februari

Usingizi umenipitia. Nimepangusa saa saba mchana. Judy, mke wa mwanangu, akaniuliza, “Baba, leo unaliogesha?” Nikamjibu kwamba usafi hauna saa. Kimani naye akatokea ukutani. “Mwalimu, hii tangi inatoka jasho na jua hili? Si tuipeleke hospitali?” Judy akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Kimani anataka Jumamosi tufanye zoezi la moto. Mfereji wa chini ufunguliwe mbele ya watu wote.

Nimewaza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikamwita Winfred, katibu wetu, na mbele yake nikauvua ufunguo, nikamvisha Kimani shingoni. Nikasema mimi nimezeeka, kazi hii yataka mtu makini. Kimani alilengwalengwa na machozi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa Jumamosi tangi likikutwa tupu, ufunguo uko kwa nani? Nitalala vizuri.

Ijumaa, 7 Februari

Moto haukungoja Jumamosi. Saa nne asubuhi, upepo wa kaskazi umekaza, karai la mafuta la Kanze limeshika moto. Kanze ni mjane, anaishi kwa kuuza mahamri, na jiko lake ni la makuti matupu. Kimani alikuja mbio, akafungua kufuli, akazungusha mfereji. Tangi likakohoa. Akatoka mjusi mmoja.

Watu wakazima kwa mchanga, kwa magunia, kwa maji aliyokuwa akifulia nguo Winfred. Nyumba imepona. Jiko limekwisha lote, na unga, na karai. Kanze ameungua mkono wa kulia, ule anaosukumia.

Jumapili, 9 Februari

Kikao baada ya ibada. Kanze amesimama na mkono uliofungwa. Akamwuliza Kimani mbona sukuma wiki zake ziko kijani kiangazi chote. Kimani akasema anazimwagilia maji ya kuoshea vyombo. “Vyombo gani, nawe wala peke yako?” Kanze akamjibu. “Zimekunywa jiko langu, hizo!” Kimani aliapa kwamba ufunguo ameupata Alhamisi tu. Akanigeukia, akasema, “Mwalimu, waambie.”

Nikasema, kwa sauti ya upole, kwamba tusimhukumu mtu haraka.

Ilitosha. Wamemvua ufunguo, wakanirudishia kwa makofi. 

Jumatano, 12 Februari

Kimani hasalimiwi. Amenunua makuti, amefunga fito, na yuko juu ya jiko la Kanze tangu jana, akiezeka peke yake kama mtu aliyechoma kweli. Kanze hampi hata maji ya kunywa. Nimefikiria kwenda kusema. Miguu imekataa. Isitoshe, jiko linajengwa, na anaezeka vizuri kuliko fundi.

Mimi sijambo. Masika yakinyesha tangi litajaa, na nimeshapima nyasi ziongezwe hatua nne, kwaya nayo ipate pa kusimama.

Limebaki moja. Maji ya mwisho ya tangi sikuyamaliza. Nilikuwa nimeyakinga kwenye mapipa mawili nyuma ya choo, lita mia nne, yamejaa hadi mdomoni. Ijumaa nilisimama kando yake. Nilimsikia Kanze akipiga mayowe, nikamsikia Kimani akiuliza nani ana maji, nani ana maji. Nikavuta mkeka, nikayafunika. Nyasi za upande wa kichwani zilikuwa ndiyo kwanza zimeshika mizizi.