Chumba Kimoja Kabla ya Arobaini

Jumatatu, 22 Julai 2024

Kosa wanalofanya watu wengi wanapokarabati nyumba ya kale ni kuanza na kuta. Sababu yao ni kwamba kuta ndizo wanazoziona wageni. Lakini maji hutoka juu. Nyumba huanzwa juu, kisha unashuka nayo taratibu. Nimewaeleza hili watu wengi hapa Kivinje, wengine mara mbili.

Mimi sikuanza na kuta. Nilianza na mlango wa mbele. Huu mwaka wa tatu. Mlango unapendeza mno! Nyuma yake, masika panavuja na kiangazi panadondosha chokaa.

Hali ya leo ni hii. Binti yangu Hamida amekuja kujifungulia kwetu, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza. Mjukuu wangu Kazija ana siku ishirini. Mke wangu Batuli anamkanda mzazi kwa maji ya moto na kumnywesha uji wa pilipili manga. Mimi natoa ushauri. Siku ya arobaini, mkwe wangu Mzee Amiri atakuja kutoka Mtama kumchukua mama na mtoto. Mwanawe Sadick, mume wa Hamida, yuko safarini na malori hadi Desemba. Amesema wazee waamue.

Wazee tumeamua leo kwa simu. Mkwe amesema mtoto hawezi kulelewa chini ya dari inayonyesha mawe, na kwamba kwake kuna vigae mpaka barazani. Vigae hivi nimeshavisikia. Kisha akacheka, akanipa sharti: siku ya arobaini nimwonyeshe chumba kimoja tu. Dari nzima, ukuta mkavu, mtoto amelala ndani yake kwa utulivu. Nikiweza, Kazija atabaki kwetu hadi Sadick arudi.

Nikakubali kabla hajamaliza. Batuli akasema nimejibu kabla ya kufikiri. Si kweli. Nilifikiri, ila baadaye.

Siku ishirini! Kwa mtu mwenye mpango ni nyingi.

Jumatano, 24 Julai

Nimempata Fundi Deo, mtu wa Rondo, mpole. Amekagua chumba cha mbele, akasema boriti tatu zimeoza na dari yote ya juu yake ishushwe. Akashauri mabati.

Nilimweleza kwa nini wazee wetu walitumia mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, dari hiyohiyo ikawa ndiyo paa. Chokaa inapumua. Nikamweleza jinsi inavyopumua. Nikachora kwenye mchanga. Deo akasikiliza mpaka mwisho, akasema, Mwalimu, nimeelewa vizuri sana, ila kazi ya mabati inaisha Ijumaa.

Nimekataa. Mzee Amiri ana mabati, tena ya rangi. Nataka dari ambayo hawezi kuinunua Mtama.

Jioni nimetengeneza ratiba kwenye karatasi ya manila. Saa za kelele kwa wino mwekundu, saa za mtoto kulala kwa bluu. Nimeibandika mlangoni. Hamida ameisoma kwa heshima. Kazija amelia katika visanduku vyote vya bluu.

Ijumaa, 26 Julai

Boriti zimefika. Ndefu! Nilipima chumba kwa hatua, kama nilivyowafundisha wanafunzi kwa miaka thelathini na nne: hatua moja, mita moja. Inaonekana hatua zangu zimefupika tangu nistaafu. Deo ameuliza kama anaweza kuzikata. Nimemwambia aziache zitokeze nje, ni mtindo wa zamani. Zimetokeza barabarani kama watu wanaoomba lifti.

Batuli ameanika nepi kumi na mbili juu ya boriti hizo. Wapita njia wanapongeza.

Jumatatu, 29 Julai

Leo tumeanza kupondaponda. Nieleze. Dari ya chokaa haimwagwi na kuachwa. Inapigwa kwa vipande, yaani vijiti vifupi vizito vya mbao, siku baada ya siku, mpaka ishikane. Watu hukaa mstari, hupiga pamoja, huimba ili wasichoke. Siku hizi wanaojua kazi hii ni wachache. Bi Kadija, jirani yetu, alijifunza kwa nyanya yake. Amekuja na wanawake watano na sauti moja inayofika sokoni.

Batuli alinisubiri chini, mikono kiunoni. Akasema kishindo hicho kikimwamsha mjukuu wake, mimi nitalala juu huko pamoja na chokaa.

Kikapigwa kipande cha kwanza. Nikafumba macho.

Kazija, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akanyamaza. Kikapigwa cha pili, cha tatu, wimbo ukapanda. Akapiga miayo. Akalala!

Amelala saa nne mfululizo. Hamida akalala. Batuli akalala akiwa ameketi, mwiko mkononi. Nimezunguka nyumba nzima kwa vidole vya miguu na sikujua kwa nini, maana juu watu sita walikuwa wanapiga kama ngoma ya unyago.

Jumatano, 31 Julai

Siku ya tatu. Vipande vikianza, mtoto analala. Vikipumzika kwa chai, anafungua jicho moja. Nimefanya jaribio mara tano, majibu ni yaleyale. Hii ni sayansi.

Nimempigia mkwe ili ajue tu. Nimemwambia mjukuu wetu analala kama gogo. Akauliza kishindo hicho ni cha nini. Nikasema harusi ya jirani. Akashangaa, harusi Jumatano asubuhi? Nikasema majirani zangu ni watu wenye furaha.

Akasema kwake kumetulia hata unasikia mjusi akimeza. Nikamwonea huruma. Kidogo.

Ijumaa, 2 Agosti

Msiba! Deo ameshuka ngazi akasema dari imekamilika. Imeanza kuganda, isipigwe tena. Bi Kadija na wenzake wakaosha mikono, wakaenda zao.

Kazija amelia kuanzia adhuhuri hadi magharibi.

Nimejaribu yafuatayo. Kugonga mlango: hataki. Kugonga meza: hataki. Kuimba mwenyewe: Batuli hataki. Nikakumbuka kwamba Jumatano nilirekodi vipande kwenye simu. Nikaweka karibu na sikio lake. Akanyamaza, akasikiliza, nikaanza kushangilia. Kumbe katikati ya rekodi nimo mimi, nikimweleza Deo namna chokaa inavyopumua. Kazija akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe wa ukubwa ule.

Batuli akasema angalau wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wanalala.

Sasa tatizo limekaa wazi kama hesabu ubaoni. Sharti linataka chumba kilichokwisha na mtoto aliyelala. Chumba kikiisha, mtoto halali. Mtoto akilala, chumba hakijaisha.

Jumapili, 4 Agosti

Mpango mpya: kazi isiishe mpaka siku yenyewe. Nimemwambia Deo ngazi za nyuma zina ulegevu, zipondwe. Zikapondwa. Mtoto akalala. Nikamwambia ukumbi una bonde. Akaleta pimamaji, akanionyesha kwamba hauna. Nikamtuma maji ya kunywa, nikachimba bonde kwa kijiko. Aliporudi alilitazama lile bonde, akanitazama mimi, akatazama kijiko. Akaanza kuponda. Mtu wa heshima sana.

Batuli amechangia kinu. Kisamvu kikitwangwa, Kazija husinzia nusu. Tumekula kisamvu mchana, jioni, na asubuhi pamoja na chai. Majirani tumewagawia. Wameanza kuturudishia.

Alhamisi, 8 Agosti

Deo amepiga lipu ya ndani, akapaka chokaa nyeupe. Chumba kinang'aa! Ametoa onyo moja tu: juu pasikanyagwe hata na paka kwa wiki mbili, maana kati ya boriti na boriti bado ni pabichi. Nikamwambia chokaa naijua, asinifundishe. Nikaandika USIKANYAGE kwenye ubao kwa herufi nzuri, nikautundika penye ngazi.

Jumapili, 11 Agosti

Arobaini. Maulidi imesomwa, Kazija amenyolewa, kichwa kinang'aa kuliko chumba. Mzee Amiri amewasili na gunia la korosho, kanzu iliyopigwa pasi kama karatasi, na kitanda cha mtoto kimefungwa juu ya gari. Cha kumbebea! Nimeona dharau katika zile kamba.

Ameingia chumbani. Ameugonga ukuta kwa kidole, akaunusa. Mkavu. Ametazama dari kutoka pembe hadi pembe. Nzima. Akasema, Mkwe, hongera, sikutegemea. Kisha akasema, haya, na mtoto?

Hamida akamlaza Kazija kitandani, ndani ya chandarua. Kazija akautazama ukimya wa chumba kile kipya, akalia mpaka msomaji wa maulidi akafunga kitabu. Wanawake wakapokezana. Hapana. Mzee Amiri akatabasamu kama mtu ambaye tayari anafunga buti la gari. Akasema kwa upole, mkwe, labda mtoto anaulizia vigae.

Hapo nikatoka. Nikachukua vipande viwili, nikauondoa ubao wangu mwenyewe, nikapanda. Nilipanga kupiga polepole, pembeni, juu ya boriti. Tup. Tup. Chini kilio kikashuka. Tup. Kikakatika.

Nikageuka, nikaona kofia ikichomoza kwenye ngazi. Mzee Amiri. Akasema, kumbe ndiyo harusi ya jirani!

Nilidhani atapiga kelele. Akaomba kipande cha pili. Akasema yeye amepura mtama tangu hajajua kuvaa viatu, na sisi watu wa pwani tunapiga kama tunaomba radhi. Nikamwambia huku hatupigani na dari, tunaiongoza. Akapiga. Nikapiga. Chini Bi Kadija akadaka wimbo, wanawake wakaitikia. Hamida akaita kutoka dirishani kwamba amelala, amelala kabisa.

Dari nzima, ukuta mkavu, mtoto amelala! Nilitazama saa. Zilipita dakika saba, na katika dakika saba hizo nilikuwa mshindi.

Ningenyamaza. Lakini mkwe alikuwa anashika kipande vibaya, na siwezi kuona kosa nikaliacha. Nikamweleza kuhusu kiwiko. Akasema kiwiko chake hakijawahi kulalamikiwa. Akarudi hatua moja nyuma ili anionyeshe, akakanyaga kati ya boriti na boriti, akazama mpaka pajani.

Yaliyotokea chini nimesimuliwa na Batuli. Karibu na mlango, mbali na kitanda, namshukuru Mungu, dari ilifunguka, vumbi jeupe likashuka, na katikati yake ukatokea mguu. Soksi ya kijivu, kiatu kimeanguka. Ukawa unatafuta pa kukanyaga. Kazija akaamka. Wote wakangoja kilio. Akautazama mguu. Mguu ukapiga teke. Kazija akatabasamu.

Tabasamu lake la kwanza duniani! Vigelegele vimesikika mpaka forodhani. Mimi sikuliona. Mimi nilikuwa upande wa juu, na nusu ya juu ya Mzee Amiri haikuwa inatabasamu.

Jumatatu, 12 Agosti

Zahanati wamesema kifundo kimeteguka, hakijavunjika. Asisafiri kwa siku kadhaa. Tumemlaza chumba kipya, maana ndicho kizuri tulicho nacho, mguu juu ya mto. Anatazama shimo lake.

Nilidai kwamba sharti lilitimia kwa dakika saba. Akadai kwamba dari yenye mguu si nzima. Nikasema mguu si sehemu ya ujenzi. Tukabishana mpaka Hamida akaingia na mtoto begani. Akasema shikamooni, wala hakusubiri marahaba. Akasema tangu Julai hakuna aliyemuuliza yeye. Akasema mtoto halali kwa vigae wala kwa chokaa, analala kwa kishindo. Basi kazi ikiendelea hapa, yeye yupo hapa. Siku kazi itakapokwisha, atakwenda na baba mkwe Mtama. Akatuachia mtoto, akaenda kuoga.

Tukabaki watatu. Kazija akautazama mguu, akatabasamu tena. Safari hii nililiona. Sina la kueleza hapo.

Mzee Amiri akasema polepole kwamba tangu mkewe afariki, anakaa na vigae vyake peke yake. Alikuwa ameshatoboa ukuta ili atundike chandarua cha mtoto. Nikamsogezea kikombe cha chai.

Jumatano, 14 Agosti

Deo amekuja kukagua. Amesema shimo ni dogo, analiziba kesho, Jumapili tumemaliza. Amesema kwa furaha, kama daktari anayempa mtu ruhusa ya kwenda nyumbani. Tulimtazama kwa huzuni kubwa, wote wawili.

Alipoondoka, mkwe akakohoa. Akasema yeye ni mtu mwenye adabu, hawezi kuondoka kwa mtu akaacha shimo alilotoboa mwenyewe. Nikasema huo ni uungwana. Akasema, na kama shimo lingechukua muda? Nikamweleza kitaalamu kwamba shimo haliwezi kuzibwa bila kulipanua kidogo kwanza. Akauliza, kidogo kiasi gani? Nikasema mpaka boriti ya pili. Akasema ya tatu ingekuwa salama zaidi. Huyu mtu nimemdhania vibaya!

Tukamwita Batuli tumweleze. Akatusikiliza, akasema sasa analea watoto watatu, na mmoja tu ndiye anayekua. Hakuelewa. Mpango huu ni tofauti na ile yangu mingine yote, kwa sababu huu hauna kasoro. Tukianza na boriti ya tatu, tutafika Desemba bila wasiwasi, halafu kuna chumba cha nyuma.

La kufanya leo, kabla chai haijapoa: mpigie Fundi Deo, mwambie kesho asije.