Alama Nne, Kiti Kimoja

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa masjala anastaafu Ijumaa. Mkurugenzi ametangaza: kiti atapewa karani atakayekuwa ameingiza majalada mengi zaidi kwenye kompyuta. Kila mmoja anaanzia A; mimi nimefika herufi T. Dada Miwani, karani mwenzangu, anajikongoja kwenye M. Kiti changu hicho! Taabu ni kwamba mashine ni moja, kikongwe cha skrini nyeusi. Dada Miwani hashindwi kuniibia kazi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji yangu, fundi wa hapa kazini, kanifungua macho. Kila faili laweza kutiwa alama nne: ya kusomwa tu, ya kufichwa, ya mfumo wa mashine yenyewe, na ya kunakiliwa kwenye disketi za akiba. Nikalificha langu papo hapo. Orodha ikatoka, faili halimo! Kisha nikaiondoa ile alama ya kunakiliwa, maana disketi hutunzwa na nani? Dada Miwani. Shemeji akauliza kama nina akili timamu. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Faili la Dada Miwani nimelitia alama ya kusomwa tu. Kachapa asubuhi nzima, mashine ikakataa kuhifadhi. Nikampa pole nyingi. Mchana akamwita shemeji, naye akaiondoa kwa mstari mmoja wa amri, huku akinikodolea macho. Mwanamke akachapa upya hadi P.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu anataka kukabidhi mashine safi. Kanakili mafaili yenye alama ya kunakiliwa, akatuita, akauliza kama kuna chochote kingine humo kabla hajafuta diski nzima. Dada Miwani kasimama kando yangu, masikio wima. Ningesema nini? Nikasema hakuna. Mkuu akapitia orodha, akakubali kweli hakuna, akafuta. Siri imetunzwa!
Saa kumi jioni, nikiwa kwenye ngazi, ndipo nikaelewa. Faili langu lilikuwa humo humo, bila nakala.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi kaona kazi ya Dada Miwani, hadi Q. Akauliza yangu. Nikamweleza alama zote nne, kwa ufasaha. Akasema hajapata kuona kazi iliyofichwa vizuri hivyo. Masjala nzima ikaangua kicheko. Nimelia chooni, bomba wazi.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu mpya, yaani Dada Miwani, kaniambia nianze tena kutoka A, nimpe nakala kila jioni. Nikimaliza vizuri atanipendekeza niwe msaidizi wake. Kasema kwa upole mno. Ana njama huyu! Leo nimemaliza A yote. Faili nimelificha, na safari hii nimeongeza alama ya mfumo. Hata mimi silioni.