Kuzingirwa kwa Beseni la Kuku

Nyamazeni, enyi mliokaa, na ninyi mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita tu! Mwenye sufuria motoni na aiteremshe, mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze kwanza, kwa maana nasimulia vita vilivyopiganwa uani kwetu, kati ya kamba ya nguo na ukuta wa choo, ambamo damu haikumwagika hata tone, ila mengine yalimwagika mengi mno. Nawe Mola, uliyemnyima kuku meno na usimnyime binadamu ulimi, ninyooshee kauli nisije nikazidisha.

Walikuwa sita: jogoo mmoja mwenye makuu na majike matano, na mkuu wa majike hayo ni Kishungi, mwenye taji la manyoya, ambaye marehemu mume wangu alimleta akingali kifaranga ndani ya mfuko wa koti. Akanipa mkononi, akasema, "Shika huyu, atakuwa anakujibu nikiwa kazini." Na kweli, mwenye kazi alikwenda moja kwa moja, na Kishungi hajaacha kunijibu mpaka leo.

Basi siku ya Jumatatu wakala uji uliochacha, wakaanza kuhara. Jumanne wakahara, Jumatano wakazidisha, hata uani pakawa hapapitiki ila kwa ncha za vidole. Kishungi akajikunyata pembeni, mkia umelowa, macho nusu.

Alhamisi akainuka Shemeji, mdogo wake marehemu, mlinzi wa ghala aliyestaafu, ambaye tangu astaafu hulinda mambo ya watu. Akasimama kizingitini kama anayehutubia maelfu, na sisi tulikuwa watatu: mimi, mke wa mwanangu, na jirani yetu muuza mkaa, aliyechungulia juu ya ua.

"Shemeji yangu," akanena, "ndege hawa nimewahurumia mpaka huruma imeniishia. Kesho saa kumi jioni, wakiwa bado wanahara, kisu kitasema. Wakijifia ni mizoga. Wakichinjwa ni mchuzi."

"Na kuku anayehara utamla, Shemeji?"

"Nitamwosha."

Kufika jioni alikuwa ameshanunua vitunguu.

Ijumaa, kulipokucha, nililisugua beseni lao la maji, lile la bati lenye ua jekundu kitakoni. Nikajaza maji safi hata lile ua likaonekana jani kwa jani, kisha nikaingia ndani kusali. Niliporudi, ua halionekani. Maji yamekuwa ya kijani.

Kuku huharisha chini, jamani, haharishi beseni zima likajaa rangi moja! Nikayamwaga, nikasugua tena, nikajaza upya, nikajificha nyuma ya shuka zilizoanikwa kama askari mvizia.

Ukaja mkono wa muuza mkaa juu ya ua, ukakamua shubiri, matone kumi na mawili, nayahesabu. Maji hayajatulia, akatoka mke wa mwanangu akinyata, kidonge amekisaga kwa kijiko, akakinyunyiza, akakoroga kwa kidole. Naye hajafika jikoni, mara huyo hakimu mwenyewe, Shemeji, akitazama kushoto na kulia kama mwizi wa ghala alilokuwa akililinda, akamimina pilipili ya unga.

Kumbe! Tangu Jumanne kila mmoja alikuwa akitibu kwa siri, na alipoona hawaponi akaongeza kipimo. Uji ulishatoka zamani. Walichokuwa wakihara siku hizo zote ni huruma zetu.

Hapo nikatwaa silaha. Nikalisafisha beseni mara ya tatu, nikawawekea maji matupu na punje kavu za mtama, nikaweka kigoda mlangoni pa banda, nikaketi, mwiko mkononi. Nao waganga wakanizingira.

"Mama wee!" akalia muuza mkaa. "Unazuia shubiri? Shubiri hii ilimwinua babu yangu kitandani!"

"Akaenda wapi alipoinuka?"

Akafikiri kidogo. "Chooni."

Mke wa mwanangu akapiga magoti. "Mama, vile vidonge ni vya hospitali kabisa, vilibaki vyangu."

"Mbona hukuvimaliza, mwanangu?"

Akajitazama vidole vya miguu. "Vilikuwa vinanikata tumbo."

Shemeji hakubishana. Aliketi mkabala nami akamenya vitunguu, kimoja kimoja, machozi yakimtiririka, akasema, "Dawa umezuia wewe. Damu yao iko juu yako." Na kila baada ya kitunguu akakinoa kisu na kutazama saa.

Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Nilikaa pale jua likinihama kutoka bega hili kwenda lile, naomba kimoyomoyo, nikijua nikikosea, jioni nitanena na ukuta. Saa kumi ikikaribia, Kishungi akanyanyuka, akanywa, akajikung'uta. Akadonoa punje tatu. Akatembea kwa mwendo wa malkia akikagua gwaride, akafika mbele ya Shemeji, akageuka, akainua mkia.

Mkononi mwa Shemeji kisu kikasimama.

Ikaanguka juu ya kandambili yake: moja, imara, rangi ya udongo, na juu yake kofia nyeupe kama inavyotakiwa. Nikainama nikaitazama kama sonara anavyotazama pete.

"Mashahidi," nikasema, "sogeeni!"

Wakasogea.

"Pilipili hiyo," akanena Shemeji.

"Shubiri!" ikatoka sauti juu ya ua.

Mke wa mwanangu akajipapasa mfuko kwa fahari. Sikuwapinga. Nilimshukuru Mungu, maana yeye alijua ni maji.

Basi na iandikwe, wajukuu waisome: Ijumaa ile, saa kumi kasoro dakika sita, kuku mmoja alijisaidia vizuri, na watano wakamfuata kabla jua halijatua, na falme zote za uani zikasalimika. Shemeji alivikaanga vitunguu vyake akavila vitupu, amekaa kizingitini, hana la kuhutubia.

Nami nikakibeba kigoda changu, nikamwambia Kishungi, "Tumeshinda."

Akanijibu.