Mkono Wangu, Kichwa Chako: Kuhusu Jiko la Mama

Duluth, Minnesota
Ijumaa

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumbani,

Pokea salamu kutoka jikoni kwetu, ninakokuandikia nimesimama kwa sababu viti vyote vina rangi mbichi. Mimi ni Brody Haugen, miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kwa brashi mtaa huu hauna mwenzangu. Mama yuko Bemidji anamuuguza dada yake. Miaka ishirini ametamani makabati meupe. Nikaona gazetini kichwa cha habari yako, "Jiko Jipya kwa Wikendi Moja", nikasema Jumapili akirudi atalia kwa furaha. Kulia atalia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulificha habari za mafuta. Mama amekaanga bekoni pale tangu sijazaliwa. Rangi imekataa kushika, imejikunja kama maziwa yaliyoganda. Dada yangu Kirsten kapita, kasema, "Hongera fundi, umepaka jibini."

2. Ulificha kwamba milango ya kabati hukumbuka kwao. Niliing'oa yote kumi na minane, nikaiegemeza gerejini kwa raha zangu. Sasa kila ninaourudisha unanigomea: huu haufiki, ule unagonga friji.

4. Nne inatangulia tatu, mimi si mtumwa wa namba. Hukutaja mbwa. Gunnar wetu sasa ana mkia mweupe, na kabati la vikombe limeota manyoya.

3. Ulificha kwamba rangi ikikauka juu, ndani bado. Milango niliyoilazimisha ikafunga jioni ileile, sasa haifunguki. Kahawa iko ndani, sukari iko ndani. Kirsten yuko nje, na mdomo wake uko nje.

5. Kwa hiyo aliyeharibu jiko ni wewe. Mkono ulikuwa wangu, lakini kichwa kilikuwa chako, na mkono hufuata kichwa. Hata hakimu atakubali.

Naomba kwa heshima ufute ukurasa ule kabisa, na Jumapili saa sita mchana usimame mlangoni kwetu na suti, umpokee mama, umwambie mwenyewe. Nitakuwa nyuma yako. Mbali kidogo.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa aliyebuni hiyo "wikendi moja". Mwambie namtafuta kwa wema.

Wako mwenye vidole vyeupe,
Brody Haugen, Fundi

N.B. Kabla sijabandika stempu, mama kaingia, karudi mapema. Kavuta kabati la vikombe, kishikio kikabaki mkononi. Kisha kainua kopo la rangi, kabandua gazeti lililoganda chini yake, kasoma kwa sauti: "Kwanza, sugua mafuta yote. Pili, kila mlango upe namba..." Akaniuliza, "Brody mwanangu, hii uliisoma?" Nikamwambia kichwa nilikisoma, mwili niliutandika. Amecheka mpaka akakaa kwenye kiti. Sasa kasimama na sketi yenye mistari myeupe ya kiti, ananiita nilete msasa. Suti acha. Tuma nakala nyingine tu, upesi: kuanzia hatua ya tatu yote iko chini ya rangi yangu.