Pigo Moja la Kusubiri

Jumatatu, 4 Machi
Mama Vifungo, fundi nguo wa pale kona, ameniletea ubao wa mashine yake ya kudarizi. Ubao huo ni kijikompyuta kinachoiambia sindano iende wapi. Waya umechomoka tu. Kazi ya dakika mbili. Nimemwambia ni ugonjwa mzito, awe anapita kila siku kumjulia hali mgonjwa. Akakaa kwenye stuli yangu nusu saa, akilalamikia beji sitini za shule anazotakiwa kukabidhi Ijumaa. Tangu mke wangu ahamie kwa kaka yake, stuli hiyo imekaliwa na redio mbovu tu.

Jumanne, 5 Machi
Amekuja, amekaa dakika kumi. Mpango unalegea. Anasema Injinia, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, amemwambia hiyo ni kazi ya dakika mbili. (Hajawahi kuwa injinia. Ana koti jeupe.) La kuudhi ni kwamba yuko sahihi.

Basi nimpe asichoweza Injinia: kasi. Prosesa ya ubao huu, yaani ubongo wake, inapiga mapigo milioni nne kwa sekunde. Kila ikiuliza kitu kwenye kumbukumbu, hutumia mapigo matatu, halafu aliyeunda ubao akaiongezea la nne, la kukaa bure ikingoja kumbukumbu ijibu. Pigo zima, kila safari. Uvivu mtupu! Kuna kijipini kinachoamua hilo. Nimekichomoa.

Jumatano, 6 Machi
Nimeujaribu alfajiri, duka likiwa bado na baridi. Umekubali. Nikamkabidhi Mama Vifungo na kumwambia hakuna mashine mtaani itakayoifikia yake. Akasema, "Kaka, wewe una kipaji." Akanishika bega. La kushoto.

Alhamisi, 7 Machi
Hakuna aliyekuja. Nimekunywa chai vikombe viwili, kimoja kwa niaba yake.

Ijumaa, 8 Machi
Beji arobaini na nane zilitoka safi. Mchana pasi zikawaka, chumba kikawa tanuri, naye akaiacha mashine ijiendeshe akaenda kununua uzi. Kumbukumbu ikipata joto huchelewa kujibu. Prosesa, ambayo sasa haingoji, ikaokota chochote ilichokikuta kwenye nyaya na kukiita jibu. Beji kumi na mbili za mwisho: tai wa shule ana miguu mitano, na mdomo umeota mgongoni.

Mama Vifungo hakupandisha sauti. Alizipanga mezani kwangu moja moja, akaniuliza huyu ni ndege gani. Nilisema labda wa jamii ya bata. Hakucheka.

Akamwita Injinia. Injinia akarudisha kijipini, akaeleza, mbele ya Mama Vifungo, kwamba mwendo wa sindano unatoka kwenye mota, na lile pigo halikuwa likimchelewesha mtu. Akaniambia, "Bwana mkubwa, ukiuliza, ngoja ujibiwe." Hapo Mama Vifungo akacheka.

Shule imempa hadi Jumatatu. Akiikosa, kazi yote ya sare inakwenda kwa mwingine, nami sidhani kama nitamwona tena kwenye stuli ile.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kwake na mkasi, nikaomba nifumue nyuzi za wale bata. Akanisogezea kiti. Tumefumua mchana kutwa. Katikati ya kazi akaniuliza kama huwa nakula peke yangu. Nikasema ndiyo, kwa kupenda kwangu. Akasema, "Haya." Mpaka jioni mashine ilikuwa imezidarizi upya, na beji zote zilikuwa sawa. Sijapata siku kama hii tangu mwaka juzi.

Jumapili, 10 Machi
Saa tisa nimemwandikia kumuuliza kama angependa tunywe chai, si kama mteja na fundi. Akajibu kwamba ana mtu anayepimwa nguo, nimpe muda kidogo.

Nimempa. Dakika arobaini! Kwa hesabu ya prosesa ni mapigo bilioni tisa na ushee. Hakuna mashine iliyowahi kungojeshwa hivyo. Jibu liko wazi. Nimemwandikia kwamba nimeelewa, sina kinyongo, namtakia heri yeye na Injinia. Kisha nimezima simu, asije akajisumbua kunieleza sababu.

Mlango unagongwa. Taratibu, mara mbili. Atakuwa Injinia, kaja kunicheka.

Sifungui.