Ombi la Kuliachisha Kazi Jiwe la Mtungi wa Tatu

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Kwa heshima zote, naomba jiwe lililomo katika mtungi wa tatu liachishwe kazi kabla ya Ijumaa. Siku hiyo likizo yangu inaanza, na mke wangu, ambaye amekwisha kufunga mizigo mara mbili akaifungua, ameapa kwamba safari hii ataondoka, niwepo nisiwepo.

Makosa ya jiwe, kama yalivyo katika shajara yangu, ni haya:

1. Liliajiriwa likiwa jiwe la mchanga, gumu, lenye adabu. Kazi yake ni kutulia tu tukilisukumia hewa ya ukaa na maji ya chumvi, ili tujue mawe wenzake ya chini ya ardhi yatafanyaje hewa hiyo ikihifadhiwa huko. Halikutulia. Hewa iliyeyuka majini, maji yakawa na tindikali, na jiwe likakubali kulambwa chokaa iliyoshikanisha chembe zake. Tarehe 4 maji yalipita humo kama wageni kwenye nyumba ya arusi.

2. Nilipokwisha kuripoti kwamba linatoboka, likaanza kuziba. Chokaa iliyoyeyuka huku ikaganda kule. Ukaniuliza mbele ya watu kama nasoma kipimo kichwa chini.

3. Nikienda kunywa chai, presha ya mtungi inapanda. Nikiita mashahidi, inashuka.

4. Limeingia nyumbani kwangu. Kila jioni mke wangu huniuliza mke mwenziwe kashindaje. Juzi alitaka kujua mahari nimepeleka kwa nani. Nikanyamaza, akasema hata kununa nimefundishwa na huyo huyo.

5. Jiwe lililoingia mtungini silo lililomo sasa. Basi mkataba wake umekufa. Nashauri litolewe, likatwe vipande, lipewe barua ya shukrani.

Wasalimie wote wa ofisini. Fundi wa pampu umwambie jino langu limepoa.

Mimi mtiifu wako, ingawa nimechoka,
Mtunza Mitungi

Nyongeza: Mke wangu amekuja asubuhi hii kuichukua barua akuletee mwenyewe, nisije nikaisahau mfukoni. Nikamwonyesha picha ya eksirei ya jiwe: fuwele changa, nyeupe, zimejipanga katika kitundu ambacho wiki jana kilikuwa kitupu. Akavuta kigoda, akaangalia mpaka chai yake ikapoa. Anasema jiwe lisiguswe. Mtu hamfukuzi mke mwenziwe akiwa mjamzito. Likizo tumeiahirisha. Anaomba kiti cha kuegemea.